Ukuta Unaochorwa kwa Kiganja

Ukuta wa udongo uliosilibwa kwa mkono hausomeki mchana. Jua likiwa utosini, upenu huufunika kwa kivuli, na mpita njia haoni kitu ila rangi moja ya kahawia au kijivu. Jua likiinama, asubuhi au jioni, mwanga huja kwa ubavu na pinde zinajitokeza: mistari minne iliyofuatana, imejikunja kama mgongo wa kobe, inapanda kutoka upande mmoja, inafika kileleni, inashuka upande wa pili, na pale inapoishia pinde nyingine zinaanza. Ni njia vilipopita vidole vinne vya mtu aliyesimama mbele ya ukuta huo, akapeleka kiganja chenye tope kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa na kukirudisha chini. Kidole gumba hakimo. Kilikuwa kimeinuliwa.

Kutoka kitovu cha upinde hadi ukingo wake ni urefu wa mkono mmoja, bega hadi ncha ya kidole, na kitovu chenyewe ndipo lilipoelekea bega la msilibaji. Kwa hiyo ukuta umebeba kipimo cha mwili wa mtu, kama vile kiatu kilichokwisha soli kinavyobeba mwendo wa aliyekivaa. Mwenye jicho anaweza kuzunguka nyumba moja akajua waliosiliba walikuwa wangapi. Mama mrefu, pinde zake ziko juu na zimetanuka. Binti wa miaka kumi na miwili, zake zimebanana chini ya dirisha, mahali alipoweza kufika bila kupanda kigoda. Anayetumia mkono wa kushoto hujulikana pia, kwa kuwa tope hurundikana kidogo mwisho wa kila mfuto, na kwake rundo hilo liko upande usiotarajiwa.

Pinde hizo zinaweza kufutwa kwa kupitisha kiganja bapa mara moja kabla tope halijakauka, na ukuta ukabaki laini. Mara nyingi hazifutwi. Hapo ndipo penye swali la mapambo yasiyo na gharama, kwa sababu mtu asiyefuta alama ambayo angeweza kuifuta ameshachagua.

Kazi yenyewe ina majina mawili, na yasichanganywe. Kukandika ni kujaza tope kwenye fito, bonge kwa bonge, kazi ya kuitia majirani. Kusiliba ni kupaka juu yake tabaka jembamba la udongo uliolainishwa, aghalabu ukiwa umechanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Nyumba hukandikwa mara moja, lakini husilibwa tena na tena, pengine kila mwaka, maana mvua hailali. Kwa mgawanyo wa kazi uliozoeleka katika sehemu nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria, nguzo na paa ni vya wanaume, na ngozi ya ukuta ni ya wanawake. Mwanamume hujenga nyumba ikaisha. Mwanamke huirithi ikiwa haijaisha, na haitaisha mradi inakaliwa.

Mkoa wa Mara, nchini Tanzania, ni mahali pazuri pa kuitazamia kazi hii, kwa sababu ardhi yenyewe ni duka lisilo na bei. Mwitongo pale Butiama, mji wa Chifu Burito Nyerere na baadaye wa mwanawe, Mwalimu Julius Nyerere, uko katikati ya majabali makubwa yaliyolaliana, na majabali ya aina hiyo yametapakaa kuelekea Musoma na Bunda. Jabali likimomonyoka hutoa mchanga wenye chembe kali. Mteremkoni kuna udongo mwekundu. Bondeni, maji yanakotuama, kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye raba masika na kupasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi. Mwendo wa robo saa kutoka kilimani hadi bondeni unampa msilibaji karibu kila anachohitaji, na kilichobaki kimo zizini.

Msilibaji mzoefu hapimi kwa debe. Lugha yake ni ya jikoni. Tope la kukandikia liwe zito kama ugali wa mtama. La kumalizia liwe jepesi, liteleze mkononi kama uji uliopoa. Udongo wa mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka ukikauka, kwa kuwa mfinyanzi hunywa maji ukavimba, na ukiyatoa hunywea. Mchanga ukizidi, ukuta utamegukameguka kama ugali uliokosa maji, na watoto watauchimba kwa vidole. Kati ya hayo mawili kuna kiasi ambacho hakiandikiki, kwa sababu udongo wa shimo hili si udongo wa shimo lile. Majaribio ni ya mkono tu: bonge linaviringishwa kama kamba nyembamba ya unga wa chapati, likikatika mapema limepungukiwa mfinyanzi, likijikunja mpaka likawa pete lina mfinyanzi wa kutosha, pengine kupita kiasi. Asiyeamini bonge hupaka kiraka kidogo nyuma ya nyumba, akakiacha kilale, akaja kukitazama kesho yake.

Udongo wa kichuguu una heshima yake. Mchwa wameshaupepeta kabla ya binadamu: hupandisha chembe nyembamba kutoka chini, huzishikamanisha kwa mate yao, na kichuguu kikisimama miaka kadhaa huwa kigumu hata jembe linaruka. Udongo huo ukipondwa na kulowekwa unatoa tope lisilo na kokoto, na ndiyo maana unatafutwa kwa sakafu na kwa tabaka la mwisho.

Kinyesi cha ng'ombe nacho hakiwekwi kwa kukosa kitu kingine, ingawa watu wa mjini hufikiri hivyo. Ng'ombe ni kinu. Majani yaliyopita tumboni mwake yametoka yakiwa nyuzi fupi, laini, zenye kulingana, na nyuzi hizo zikichanganywa na udongo huushika usipasuke wakati wa kukauka, kama nywele zinavyoshika lipu. Utelezi uliomo huufanya udongo utandazike na, ukishakauka, usiloe upesi. Kinyesi kibichi ndicho kinachofaa. Wengine hukiacha kwenye tope siku mbili tatu kichachuke, na tope likilala hivyo linalainika zaidi. Harufu, ambayo mgeni huiogopa kuliko kitu kingine, huondoka ukuta unapokauka.

Kuna faida nyingine isiyohusu uzuri. Ufa katika ukuta wa udongo ni makao ya kunguni, na sakafuni na chini ya kuta ni makao ya papasi, wale kupe laini wanaoambukiza homa ya papasi. Kusiliba ni kuziba nyumba zao. Mama anayesiliba hufanya usafi, ukarabati na urembo kwa mwendo mmoja wa mkono, na akiulizwa ni kipi kati ya hivyo anachofanya, swali lenyewe halimwingii akilini kwa urahisi. Wauliza maswali ndio waliovitenganisha.

Siku ya kazi huanza na maji. Ukuta wa zamani hukwanguliwa palipolegea, kisha hunyunyiziwa maji, kwani ukuta mkavu hunyonya unyevu wa tope jipya na tabaka zima hubanduka kama ganda la yai. Msilibaji huanza upande wenye kivuli na kuhama jua linavyohama, maana tope linalokaushwa na jua kali hupasuka. Hutoka juu kwenda chini ili matone yaangukie sehemu ambayo bado haijapakwa. Mwiko wa mwashi hautakiwi. Kiganja hujua kitu ambacho chuma hakijui: panapobonyea, panapochimbika, palipo na fito iliyooza nyuma ya tope. Mkono wa pili hushika ukuta, kwa hiyo hata mwili wake unapumzika juu ya nyumba anayoipamba.

Kisha inakuja ile saa moja ambayo kazi yote inaitegemea. Tope la mwisho limepakwa, halijakauka, na wala si bichi tena. Likiguswa halichuruziki, linashika alama. Msilibaji hana muda wa kufikiri sana, na pengine hiyo ndiyo bahati yake. Hapo anaweza kuzipitisha tena zile pinde kwa vidole vilivyotanuliwa, safari hii kwa kukusudia, safu juu ya safu kama magamba ya sangara. Anaweza kuchora mawimbi kwa kutikisa kiwiko. Anaweza kuzungushia mlango mstari wa nukta kwa ncha ya kidole cha shahada. Gunzi la mahindi likiviringishwa juu ya tope linaacha safu za vishimo, kamba iliyosokotwa inaacha mistari ya mshazari, na vyombo hivyo viwili si vigeni: ndivyo wafinyanzi wa Afrika Mashariki wanavyotumia kutia nakshi mabegani mwa vyungu kabla ya kuchoma. Mkono unaokijua chungu hauhitaji kufundishwa ukuta. Ukuta ni chungu kilichokunjuliwa.

Saa hiyo ikipita, imepita. Alama iliyokosewa itakaa hapo mpaka msimu ujao, watu wakiingia na kutoka mbele yake.

Rangi hufuata ukuta ukishakauka, na nazo hazina duka. Nyeupe hutoka kwenye udongo mweupe unaopatikana kando ya vijito na machimbo, au kwenye majivu yaliyochekechwa. Nyekundu ni ule udongo wa mteremkoni uliosagwa, ukalowekwa, maji ya juu yakamwagwa na kubaki uji laini wa chini. Nyeusi ni masizi ya chungu, au mkaa uliotwangwa. Katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki watu wamewahi pia kupasua betri kuukuu za tochi na kutumia unga mweusi wa ndani. Unatoa weusi uliokolea kweli, lakini ni sumu, hasa kwa watoto wanaolamba kila kitu, na mkaa unatosha.

Mahali pa kuweka rangi hapachaguliwi ovyo. Ukanda wa chini, dhiraa moja kutoka ardhini, hupakwa rangi ya kukolea kwa sababu ndiko matone ya mvua yanakorukia na matope yake. Ukiwa mweupe utachafuka kabla wiki haijaisha. Juu yake huja rangi ya kufifia. Mlango na madirisha huzungushiwa pindo, kama kanga. Kanuni ya wanja ni hiyohiyo: tia weusi pembeni ili katikati pang'ae.

Ndani ya nyumba, kwa nyumba ya udongo hata ya tofali, urembo wa bure una vyombo vingine. Kalenda ya mwaka uliokwisha haitupwi. Tarehe hukatwa, picha hubaki. Magazeti hubandikwa kwa uji wa unga, kwanza ili vumbi la ukuta lisiangukie chakula, baadaye kwa kuwa mtu amezoea kulala akisoma habari za miaka kumi iliyopita. Kanga iliyochakaa katikati hukatwa pindo zake mbili, zikawa mapazia. Makochi hugeuzwa kutazama mlango, kabati hupelekwa ukuta wa pili, na kwa muda wa wiki moja nyumba inakuwa ya mtu mwingine. Nje, makopo ya rangi na madumu yaliyokatwa hupandwa maua, na ua hufagiliwa kila alfajiri kwa fagio la majani ambalo, kama mtu atatazama jua likiwa bado chini, linaacha mchangani pinde zilezile za mkono unaozunguka begani.

Kuita kazi hii ya bure ni sahihi kwa upande wa pochi tu. Ndoo za maji zinabebwa kichwani, udongo unachimbwa, mgongo unauma siku mbili. Ikihesabiwa kwa ujira wa kibarua, kuta nne zinaweza kuzidi bei ya kopo la rangi. Haihesabiwi kwa kuwa anayeifanya yuko nyumbani kwake, na kazi za nyumbani huhesabiwa siku zinapokosekana.

Wasomi hawakupita karibu nayo mara nyingi. Walipopita, walitazama ukuta wa mwanamume. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mchunguzi wa mila aliyeishi Mwanza, alichapisha London kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wachezesha nyoka wa Usukumani, iliyokuwa ndani ya nyumba za chama chao cha siri. Michoro hiyo ilistahili kitabu. Ina nyoka, watu na nyota, na inasomeka kama hadithi. Pinde za kiganja hazisimulii chochote, hazina siri wala chama, na zimo kwenye nyumba ambayo mchunguzi alipita mbele yake akielekea kwenye nyumba ya nyoka.

Kwingineko mambo yameenda tofauti. Kusini mwa Burkina Faso, wanawake wa Wakassena hupamba kuta za Tiébélé kwa rangi za udongo na kuzirudia mara kwa mara, na Julai 2024 UNESCO iliingiza makao ya kifalme ya Tiébélé katika orodha ya urithi wa dunia. Rwanda, mapambo ya imigongo, yanayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, yalibanduka ukutani yakahamia kwenye vibao vinavyouzwa kwa watalii. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini aliyajua maumbo ya Kindebele kwenye kuta za kwao tangu utotoni, na mwaka 1991 akayapaka kwenye gari la BMW. Katika habari hizo zote kilichosafiri ni mchoro unaoonekana kwa mbali. Mwendo wa mkono begani haubebeki.

Mwitongo penyewe pana habari inayofaa kuwekwa kando ya hizo. Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kwao Butiama akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kumwoa Maria Waningu Januari 1953, na watu walistaajabu kumwona msomi wa Ulaya ameingia kwenye udongo. Staajabu hiyo imesimuliwa mara nyingi, na ni halali yake. Wanawake waliokuwa wakiingia kwenye udongo kila kiangazi hawakumstaajabisha mtu.

Tofali la kuchoma, bati na saruji vimeibadili hali, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mtu abaki kwenye nyumba inayohitaji kusilibwa kila mwaka ili wageni wapate cha kupiga picha. Sensa na tafiti za kaya huuliza ukuta umejengwa kwa kitu gani, na jibu la udongo huandikwa upande wa umaskini. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ukuta wa saruji hauna nyufa nyingi za kunguni, hauanguki masika, na humwachia mama siku zake. Ila kuna jambo moja ambalo ukuta huo umelichukua bila mtu kuulizwa: ulazima wa kurudia. Nyumba iliyokuwa ikichakaa ilimpa mwenye nyumba, kila mwaka, saa moja ya tope lenye kushika alama na ruhusa ya kuibadili sura yake bila kuomba fedha kwa mume wala mwana. Ukuta wa lipu hupakwa rangi siku pesa zikipatikana, na rangi huchaguliwa kwa kadi ya dukani, na anayepaka ni fundi kwa brashi. Mkono uliozoea ukuta unapelekwa wapi? Wengine wameupeleka kwenye vitambaa vya makochi, wengine kwenye maua ya makopo. Wengine hawajaupeleka popote.

Swali la makumbusho nalo liko palepale. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa Butiama mwaka 1999, na makumbusho ya aina hiyo yanajua kutunza kigoda, kibuyu, fimbo na barua. Ukuta uliosilibwa hautunziki. Ukiwekewa kioo na kuachwa, baada ya miaka kumi huwa ni ukuta wa zamani wenye vumbi, ilhali uhai wake wote ulikuwa katika kupakwa upya na mtu mwingine, mwenye mkono wa urefu mwingine. Kuutunza ni kumwajiri msilibaji, na kumwacha achore anavyotaka. Je, hapo itakuwa bado ni nyumba yake?

Jina la Mwitongo linatokana na neno la Kizanaki, lugha ya wenyeji wa Butiama, la mahame, mahali palipowahi kuwa na mji wa watu. Nyumba ya udongo ikihamwa, paa huanguka kwanza, kuta hufuata kwa misimu michache ya mvua, na kinachobaki ni kichuguu cha chini chenye udongo laini, uliokwisha chekechwa, uliokwisha changanywa nyuzi. Wanaojenga jirani huja na majembe kuuchukua.

Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba. Anayetaka ukuta wake ushike alama na kukauka bila ufa aanze Julai, mavuno yakishaingia ghalani, maji yangali karibu na mchana hauna mawingu.